Majina matano langoni, kikapu kimoja mgongoni

*Kwenye mashamba makubwa ya chai Kericho, kampuni humpa mfanyakazi kazi, nyumba, maji na zahanati. Mambo yakiharibika, huanza kutafutwa mwajiri hasa ni nani.*

Tuseme msichana wa miaka 19 aliandikwa kazi ya kuchuma chai Kericho mwaka 1983. Barua yake ya ajira ilitoka Brooke Bond. Mwaka uliofuata Unilever iliinunua Brooke Bond kule Uingereza, naye siku hiyo aliamka alfajiri kama kawaida, akajifunga mpira kiunoni kuzuia umande na kuingia shambani.

Mwaka 2022, akiwa na miaka 58, Unilever iliuza biashara yake ya chai kwa kampuni ya uwekezaji ya CVC Capital Partners kwa bei ya yuro bilioni 4.5. Shamba likaitwa ekaterra. Kabla watu hawajaizoea herufi ndogo ya mwanzo, jina likageuka tena: Lipton Teas and Infusions. Mei 2024 ikatangazwa kwamba mashamba ya Kenya, Rwanda na Tanzania yanauzwa kwa Browns Investments ya Sri Lanka.

Hapo ametimiza miaka 60. Majina matano yamepita langoni, na yeye hakuhama hata nyumba moja.

Mwanamke huyu nimemuunda kwa kalamu, lakini tarehe ni za kweli, na wenye historia kama yake Kericho ni wengi. Hakuna aliyewauliza wanaonaje. Mauzo yalifungwa mbali, na shambani yalifika kwa njia ya kibao kipya, sare mpya na nembo mpya kwenye hati ya mshahara.

Kazi yenyewe haikubadilika. Majani mawili na chipukizi, kutoka kichaka hadi kichaka, mvua ya mchana ikinyesha kama inavyonyesha Kericho karibu mwaka mzima.

Dunia ndani ya shamba

Chai ya kwanza nchini Kenya ilipandwa Limuru mwaka 1903. Kampuni kubwa zilipoingia miaka ya 1920, Brooke Bond na James Finlay zilielekeza macho Kericho: mita kama 2,000 juu ya usawa wa bahari, udongo mwekundu wenye tindikali, na mvua isiyokauka. Ardhi ilipatikana kwa mkono wa serikali ya kikoloni. Wakipsigis, wenyeji wa eneo hilo, hawajausahau uporaji huo, na ukoo wa Talai, uliofukuzwa kwa sheria maalumu ya mwaka 1934 na kupelekwa Gwassi, unadai haki yake hadi leo.

Kwa kuwa wenyeji wengi hawakutaka vibarua vya mzungu, kampuni zilileta watu kutoka Kisii, Nyanza na Magharibi. Mtu aliyetoka mbali anahitaji pa kulala. Hivyo ndivyo zilivyozaliwa kambi za wafanyakazi: safu za nyumba ndogo katikati ya chai, bomba la maji, zahanati, shule ya msingi, uwanja wa mpira, duka.

Leo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka kila mwajiri ampe mfanyakazi makao yanayofaa au amlipe marupurupu ya nyumba. Mashamba makubwa yalikuwa yakitoa makao miongo mingi kabla ya sheria hiyo, na ukweli lazima usemwe: mfanyakazi wa kudumu wa kampuni ana mengi ambayo kibarua wa nje hana.

Mlinganishe na mchumaji anayeajiriwa na mkulima mdogo. Kenya ina wakulima wadogo wa chai zaidi ya 600,000 chini ya KTDA, wakala unaosimamia chai yao, na wao ndio huzalisha zaidi ya nusu ya chai yote ya nchi. Anayewachumia hulipwa kwa kilo, mara nyingi bila karatasi yoyote. Akiumwa, hiyo ni shida yake. Hana likizo ya siku 21, hana miezi mitatu ya uzazi, hana chama cha kumtetea.

Ndiyo maana tangazo la nafasi za kazi linapotoka kwenye kampuni, foleni huwa ndefu. Tunaopenda kuandika juu ya maovu ya mashirika makubwa tunapaswa kuikumbuka foleni hiyo. Watu hawapangi mstari ili waonewe. Wanapima, wanaona kilicho bora kati ya vilivyopo, wanaingia.

> Nyumba ya kampuni ni zawadi yenye kamba: ajira ikikatika, na ufunguo unarudi.

Kamba ipo, lakini. Nyumba ni ya kazi. Kazi ikiisha, kwa kustaafu, kupunguzwa au kufukuzwa, nyumba nayo imekwisha. Kwa karani wa benki mjini, kupoteza kazi ni kupoteza mshahara. Kwa mchuma chai, siku hiyohiyo anapoteza mshahara, paa, bomba, zahanati, majirani, na pengine shule ya mtoto aliye darasa la saba.

Aliyekuwa na busara, au bahati, alikuwa akituma pesa nyumbani akijijengea. Wapo waliozaliwa kambini, wakalelewa kambini, wakaajiriwa kambini, na huko kunakoitwa kwao wanajulikana kwa majina ya baba zao tu.

Nyapara na mizani

Mchumaji hulipwa kwa kilo. Kikapu kikijaa hupelekwa kupimwa, karani anaandika, kinarudi kitupu. Msimu wa majani mengi, mwenye mikono myepesi hupitisha kilo 30 kwa siku bila taabu. Ukame au baridi kali ikija, majani hugoma, na malipo hugoma pamoja nayo. Kiwandani inahitajika takribani kilo nne na nusu za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu, na majani sharti yafike siku ileile yakiwa hayajachemka kwenye gunia. Kwa hiyo kila mtu anamharakisha mwenzake, na wa mwisho kuharakishwa ni mwenye kikapu.

Katika mfumo wa namna hii, mkurugenzi aliye London au Colombo ni hadithi. Kampuni, kwa macho ya mchumaji, ni nyapara. Yeye ndiye anayegawa sehemu za kuchuma, na sehemu hazifanani: ipo yenye chipukizi tele, ipo iliyochumwa wiki iliyopita. Ndiye anayeamua nani aende kwenye kazi nyepesi. Ndiye ambaye neno lake hutazamwa kibarua wa msimu anapotaka mkataba mwingine.

Mamlaka ya aina hiyo hayaandikwi kwenye chati yoyote ya uongozi. Februari 2023 Wakenya waliona yanavyoweza kutumika. Filamu ya uchunguzi ya BBC, iliyorekodiwa kwa kamera za siri, iliwaonyesha wasimamizi wakidai ngono kwa wanawake waliotafuta kazi. Zaidi ya wanawake 70 waliwaambia watangazaji kwamba walidhulumiwa kingono na wasimamizi kwenye mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na kampuni mbili, Unilever na James Finlay.

Kampuni zilijibu kwa haraka. Wasimamizi walisimamishwa kazi, uchunguzi ukatangazwa, Starbucks ikaacha kununua chai ya James Finlay Kenya, na Bunge la Kenya likadai maelezo. Unilever ilikuwa imekwisha kuuza. Walioachiwa mzigo wa kujibu walikuwa wamiliki wapya.

Kinachonikera mimi ni kwamba karatasi zilikuwepo. Sheria ya Ajira inamtaka kila mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Shamba la Unilever Kericho lilipata cheti cha Rainforest Alliance mwaka 2007, la kwanza la chai duniani. Mwaka 2016 Unilever ilianza ushirikiano na shirika la UN Women kuhusu usalama wa wanawake mashambani, na kazi hiyo iliyoanzia Kericho ikazaa mwongozo wa kimataifa. Mkaguzi akija alikuta mabango ukutani, namba ya simu ya malalamiko, kamati na mihuri.

Mwanamke aliyetaka kushtaki alipaswa kwanza kujiuliza mambo mawili: nani ataipokea simu hiyo, na kesho asubuhi nitapangiwa sehemu gani.

Kubwa huku, ndogo kule

Desemba 2007, matokeo ya uchaguzi yalipozua ghasia, makundi ya wavamizi yaliingia kwenye shamba la Unilever Kericho. Waliolengwa ni wafanyakazi waliotoka jamii nyingine, wengi wao Wakisii. Watu saba waliuawa. Wanawake walibakwa, nyumba zikaporwa na kuchomwa.

Miaka ikapita, na wahanga 218 wakafungua kesi London. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuieleza hata chini ya mti: kampuni ndiyo iliyotukusanya hapa, ikatuweka kwenye kambi katikati ya watu wa jamii nyingine, ikijua historia ya ghasia za uchaguzi, kisha haikutulinda. Walizishtaki zote mbili, kampuni ya Kenya na mama yake ya Uingereza.

Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya London iliikataa kesi. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaafiki. Majaji walisema kampuni mama haikuwa na wajibu wa kuwalinda wafanyakazi hao, kwa sababu mipango ya kukabili majanga ilikuwa mikononi mwa kampuni tanzu iliyoko Kenya, na London haikuyaendesha mambo hayo.

Kisheria hukumu ina mantiki yake, na wanasheria wamejadili kurasa kwa kurasa. Mimi si mwanasheria. Lakini nimeona matangazo ya chai. Kwenye ripoti za mwaka, Kericho ilikuwa shamba letu, wafanyakazi walikuwa watu wetu, cheti kilikuwa chetu, na picha ya mchumaji anayetabasamu ilisambazwa dunia nzima. Wahanga walipobisha hodi kwenye mlango uleule wa picha, wakaambiwa anwani si hii.

> Ukubwa wa kampuni ni wa kunyumbulika: hujaa wakati wa sifa, hunywea wakati wa madai.

Upande wa James Finlay mambo yalipinda kinyume. James Finlay (Kenya) Limited, japo mashamba yake yote yalikuwa Kericho na Bomet, ilisajiliwa Scotland, na ofisi yake iliandikishwa Aberdeen. Wachumaji zaidi ya 1,000 wakaitumia nafasi hiyo: wakadai mbele ya mahakama ya Edinburgh kwamba migongo yao imeharibika kwa kubeba vikapu vizito kwa miaka. Kampuni ikaenda mahakama ya Nairobi kuomba kesi ya ng'ambo izuiwe. Mwaka 2022 Edinburgh nayo ikatoa amri ya kuzuia kuzuiwa.

Kwa muda mrefu, basi, mvutano haukuwa kama migongo iliumia au la. Ulikuwa ni wapi swali hilo liulizwe. Mwenye mgongo alisubiri.

Miaka ya kazi inahesabiwaje

Mauzo yanapotangazwa, swali la kwanza kambini huwa la hesabu. Miaka yangu 20 inaenda na nani?

Jibu linategemea kitu ambacho wafanyakazi wengi hawakielezwi. Kama mnunuzi amenunua hisa, kampuni iliyokuajiri bado ipo, imebadilisha mwenyewe tu, na miaka yako inaendelea kuhesabiwa. Kama amenunua mali, yaani mashamba, viwanda na mitambo, basi mwajiri wa zamani anabaki na deni la wafanyakazi wake, na mwajiri mpya anaweza kuanza nao ukurasa mpya. Kenya haina sheria kamili inayohamisha mikataba ya ajira moja kwa moja biashara inapouzwa, kama ilivyo Uingereza. Pengo hilo huzibwa kwa mashauriano, au halizibwi.

Kwa anayepunguzwa, sheria iko wazi zaidi: notisi isiyopungua mwezi mmoja kwa chama na kwa afisa wa kazi, na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Aliyetumikia miaka 20 anapata angalau siku 300. Fedha hizo zinatosha kujenga chumba kimoja au viwili vya mabati, ikiwa kiwanja kipo.

Kibarua wa msimu hana hesabu ndefu namna hiyo. Mkataba wake ukifika mwisho umefika mwisho, hata kama umekuwa ukifika mwisho na kuanza tena kwa miaka kumi. Mashamba yametumia vibarua wa msimu tangu zamani kwa sababu ya mvua na ukame. Mashine zilipokuja, nafasi yao ikawa ya kwanza kufinywa.

Mashine

Mashine ya kuchuma chai si kitu cha kutisha kuitazama. Ya kawaida hubebwa na watu wawili, mmoja kila upande wa mstari wa chai, ina injini ndogo ya petroli, wembe, na mfuko mrefu nyuma unaopokea majani. Wawili hao na wasaidizi wao hufanya kazi ya umati.

Kericho mashine hizi zimekuwa chanzo cha ugomvi tangu miaka ya 2000. Mwaka 2010 chama cha wafanyakazi wa mashambani, KPAWU, kiliitisha mgomo dhidi yake. Kampuni hazikurudi nyuma. Mei 2023 ukafika ugomvi wa moto: vijana waliingia kwenye mashamba ya ekaterra na kuchoma mashine. Polisi wakaitwa, watu wakajeruhiwa, mmoja akapoteza maisha. Kampuni ilisimamisha shughuli kwa muda, na wengi waliokosa ujira siku hizo ni wachumaji wenyewe.

Kampuni zina hoja, na si hoja ya kupuuzwa. Gharama kubwa kuliko zote shambani ni mikono. Chai inauzwa kwenye mnada wa Mombasa kwa dola, mnunuzi hajali kama Kericho mishahara imepanda, na Argentina, inayouza chai ya bei nafuu, huchuma kwa mashine. Kenya sasa inazalisha zaidi ya kilo milioni 500 za chai kwa mwaka, na wingi huo wenyewe huivuta bei chini. Kila duru ya mkataba wa pamoja, ambao kambini huitwa CBA kwa kifupi, hupandisha mshahara. Kila ukipanda, mashine inaonekana ya bei rahisi zaidi.

Chama nacho kimenaswa hapo. Kikidai kidogo, wanachama wanalalamika. Kikidai kingi, kinaharakisha ujio wa kile kinachowafuta wanachama. Kwa hiyo kimejikuta kikijadili pia viwango vya wanaoendesha mashine, ambako kilo moja hulipwa chini kuliko ya mkono kwa kuwa kilo zenyewe ni nyingi. Mwendesha mashine huenda akapata mshahara mzuri. Walioondoka ili yeye apate hawamo kwenye hesabu.

Kikosi kazi kilichoundwa na serikali ya Kaunti ya Kericho kiliripoti mwaka 2023 kwamba ajira 30,000 zimepotea katika muongo mmoja kwa sababu ya mashine. Kikapendekeza uwiano: asilimia 60 ya chai ichumwe kwa mashine, asilimia 40 kwa mkono. Wapo walioona ni busara ya kukutana katikati. Mimi naona kaunti ilikiri kushindwa kwa lugha ya adabu, kwa maana uwiano huo tayari unaipa mashine sehemu kubwa.

Mnunuzi mpya, Browns, ameingia kwenye mgogoro huu akiwa na uzoefu wa Sri Lanka, nchi ambayo chai imekuwa uti wa mgongo wa uchumi kwa zaidi ya karne moja. Anamiliki mashamba yaliyokuwa ya Finlay, na sasa yaliyokuwa ya Lipton, yaani wapinzani wawili wa karne nzima chini ya paa moja. Kwa mchumaji, hilo lina maana ya moja kwa moja. Zamani aliyeudhika upande mmoja aliweza kuvuka barabara kuomba kazi upande wa pili. Mufindi, mkoani Iringa, wachumaji wa Tanzania wamehamia mikononi mwa mwajiri huyohuyo, ingawa hakuna meza inayowakutanisha na wenzao wa Kericho.

Pendekezo la 60 kwa 40 si sheria. Linalozifunga pande zote ni CBA, na CBA humhusu aliye kwenye orodha ya mishahara. Waliochoma mashine Mei 2023 wengi wao hawakuwa kwenye orodha hiyo. Walikuwa vijana wa vijiji vinavyopakana na chai, waliokua wakijua kwamba mambo yote yakishindikana kampuni ipo, na walipofika umri wa kuandikwa wakakuta kazi yao imeshabebwa na watu wawili na injini ya petroli.